Treina janja ya kwanza: ya kukandamiza tairi au ya kutoa gurudumu?

Pedali_Kinondoni
Wakuu, naombeni ushauri. Tangu niangalie mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali, Septemba 2025, sijakosa kuendesha Jumapili hata moja. Siku za kazi ndiyo shida. Nikifika nyumbani kutoka ofisini giza linakaribia kuingia, na Barabara ya Bagamoyo usiku siiwezi. Nataka treina janja, kile kifaa cha kushikilia baiskeli kinachojirekebisha ugumu wa pedali kikiunganishwa na programu, niendeshe ndani. Baiskeli yangu ni ya chuma, gia 8 nyuma. Kichwani nina tatu: Tacx Flow, Wahoo KICKR Core, na Tacx Neo 2T iliyotumika. Bajeti ni shilingi milioni 2 pamoja na ushuru. Naishi ghorofa ya tatu, na chini yangu kuna mama mwenye mtoto mchanga.

Fundi_Ngarenaro
Mkuu, mtoto huyo ameshakuchagulia. Flow inakandamiza tairi ya nyuma kwa rola, na mvumo wake unasikika hadi kwenye ngazi. Tairi ya kawaida inalika upesi na kumwaga unga mweusi sakafuni. Pia inaiga mlima wa asilimia 6 tu. Kipimo chake cha nguvu ya miguu, yaani wati, kinaweza kupotoka asilimia 5: ukisukuma wati 200, inaweza kukuandikia 190 au 210.

Core unatoa gurudumu la nyuma kabisa, cheni inakaa kwenye kaseti (fungu la meno ya gia za nyuma) ya treina yenyewe. Inafika asilimia 16, upotofu 2. Ndani ina gurudumu zito la kilo 5.4, ndilo linalofanya pedali izunguke kama uko barabarani. Angalia tu kama wanakuuzia na kaseti, maana nyingine zinakuja bila. Ya gia 8 inaingia.

Dada_Nyali
Kaka, mimi nilianza na ya kukandamiza tairi hapa Mombasa na nimeitumia miaka miwili. Siwezi kumkataza mtu. Ukijaza tairi upepo uleule kila siku na kukaza rola kwa kiasi kilekile, namba zake zinafuatana vizuri, na maendeleo yako utayaona. Ila kwa ghorofa, fundi yuko sahihi.

Ninachokuomba kwa dhati: tenga hela ya feni kabla ya kitu chochote. Barabarani upepo unakupoza bila wewe kujua. Ndani ya chumba cha pwani, dakika ya 15 jasho linatiririka kama bomba na mapigo ya moyo yanapanda wakati wati zinashuka. Wiki ya kwanza niliacha kila siku kabla ya nusu saa nikidhani sina pumzi. Ilikuwa joto. Na funika usukani kwa taulo! Jasho lina chumvi. Boliti zangu za shingo ya usukani zilishika kutu hadi fundi akazikata.

Babu_wa_Marangu
Mbona hamjamwambia habari ya umeme? Core ukikatika umeme, ukinzani unapotea na miguu inazunguka bure. Neo inajizalishia umeme kwa pedali zako, unaendelea gizani. Inachokosa bila soketi ni kuiga mteremko tu. Upotofu wake hauzidi asilimia 1, na haihitaji kusawazishwa kipimo. Kwa mtaa ambao umeme unakatika mara tatu kwa wiki, ningeitafuta hiyohiyo.

Fundi_Ngarenaro
Shikamoo babu, hoja yako ni nzito. Lakini nina hofu na Neo iliyotumika ambayo hajaigusa kwa mkono. Mkuu, kama muuzaji hakuruhusu kuipanda dakika 20 huku umeishikisha na simu yako kwa Bluetooth, iache.

Pedali_Kinondoni
Shikamoo nyingi zimwendee babu. Kwetu umeme unakatika, ila si kila wiki. Neo niliyoiona ipo kwa mtu Uingereza, siwezi kuijaribu. Naelekea Core. Je, programu ya kuendesha mtandaoni na wenzangu? Dola 20 za Zwift kila mwezi zinaniuma.

Msafiri_Muscat
Ndugu yangu, anza na programu ya MyWhoosh, ya Falme za Kiarabu, jirani zetu huku Muscat. Ni bure, na mashindano ya dunia ya baiskeli za mtandaoni ya 2024 yalifanyika humo. Zwift ina watu wengi zaidi wa kuendesha nao saa yoyote. Ukishazoea, lipia mwezi mmoja ulinganishe.

Ukianza mazoezi ya ERG, treina inashikilia wati zilizopangwa hata ukibadilisha gia. Usiache miguu ipunguze kasi. Mzunguko ukishuka, treina inazidi kukaza, unakwama kabisa. Ikitokea, simama, pumua, anza upya na gia nyepesi.

Dada_Nyali
Na mkeka mzito wa mpira chini yake, kaka. Core haipigi kelele hewani, lakini mtetemo unapita sakafuni. Mshukie mama huyo siku ya kwanza, muulize anasikia nini.

Pedali_Kinondoni
Nimeshaongea naye jioni hii. Mtoto analala saa 2 usiku. Nitaendesha saa 12 na nusu hadi saa 1 na nusu. Feni nanunua kesho.