Kupima oili ya mashine: maabara, karakana au sensa?

NatiYaSampu: Wakuu, nasimamia jenereta mbili za dizeli, kompresa na giaboksi kubwa ya konveya. Hadi leo tunamwaga oili kwa kuhesabu saa tu, iwe imechoka au bado nzima. Nataka tuanze kuipima. Nipeleke sampuli maabara, tupime wenyewe, au tufunge sensa, yaani kifaa kinachokaa kwenye mashine na kupima oili muda wote?

Fundi_Dizeli: Mkuu, anza na vipimo vya karakana, leo hii. Dondosha tone la oili kwenye karatasi ya chujio uliache likauke. Doa likisambaa na kufifia taratibu kuelekea pembeni, oili bado inabeba masizi. Likibaki duara jeusi tii lenye ukingo mkali, imeshindwa kuyabeba. Kwa maji, dondosha tone kwenye bamba la moto, nyuzi 150 hivi. Likitatarika, maji yamo.

Maabara_Zamu2: Kwa masizi na maji nakubali. Lakini doa halikuonyeshi injini inalika wapi. Ripoti ya maabara ndiyo hudokeza: silikoni ikipanda pamoja na chuma, kagua njia ya hewa, kwani vumbi linaingia. Sodiamu au potasiamu ikipanda, shuku maji ya rejeta. Mnato (uzito wa oili) ukishuka, huenda dizeli inavujia kwenye oili. Ila usishtuke kwa ripoti moja! Injini iliyotoka kufunguliwa huweza kuonyesha silikoni ya gundi ya gasketi tu. Sampuli tatu nne mfululizo ndizo zinazoonyesha mwelekeo.

Giaboksi_Nzito: La giaboksi liliniuma mimi mwenyewe. Ripoti ilikuja safi, chuma kidogo, na wiki chache baadaye jino likakatika. Spektromita ya kawaida, kifaa cha maabara kinachosoma metali ndani ya oili, haizioni vizuri chembe zinazozidi maikroni 10 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na meno yanapoanza kumeguka hutoa kubwa kuliko hizo. Omba kipimo cha sumaku cha wingi wa chembe za chuma. Pia fungua ile nati yenye sumaku uitazame. Unga laini wa kijivu si tatizo. Ukiona vipande vinavyong'aa, simamisha mashine.

NatiYaSampu: Na sensa?

Maabara_Zamu2: Ni ya mashine isiyofikika kirahisi, au ile ambayo ikifa kazi yote inasimama. Itakuonya kuwa kuna maji au chembe, lakini mara nyingi chanzo hutakijua mpaka uchukue sampuli.

Fundi_Dizeli: Na hapo kwenye kuchukua sampuli ndipo wengi wanapoharibu. Oili iwe moto, mashine inazunguka au imezimwa sasa hivi, mahali palepale kila mara, kabla ya chujio. Ukichota chini kabisa ya sampu, yaani bakuli la oili, unapima tope. Ukichota baada ya chujio, ushahidi umeshamezwa. Andika saa za mashine, saa za oili, na kiasi ulichoongeza, maana oili mpya hushusha namba za chembe ukadhani mambo yametulia.

Giaboksi_Nzito: Peleka pia sampuli ya oili mpya kutoka kwenye pipa. Bila hiyo utalinganisha na nini?

NatiYaSampu: Nimewaelewa. Pipa kwanza. Jenereta doa kila wiki na maabara kila tunapomwaga, giaboksi kipimo cha sumaku. Sensa naiacha kwa sasa. Kompresa je?

Maabara_Zamu2: Pima namba ya asidi (kiasi cha asidi kwenye oili) na maji. Joto na hewa ndivyo vinavyoichosha oili yake.