Gumzo la Ukoo: Ule Mnara wa Mbele ya Polisi

*Tumaini:* Shikamooni wakubwa. Leo bajaji nimezikimbia, sokoni nimerudi kwa miguu. Jamani, ule mnara wa mbele ya polisi hapa Iringa mmeshawahi kuusogelea?

*Festo:* Mbele ya polisi nani anasimama 😂 Mimi pale napita naangalia chini

*Mama:* Marahaba. Nyanya umepata?

*Tumaini:* Nimepata mama. Miaka yote najua ni kitu cha polisi. Kumbe ni kumbukumbu ya Waafrika waliokufa vita vya Maji Maji vya kumpinga Mjerumani, 1905 hadi 1907!

*Baba Mkubwa:* Marahaba mwanangu. Haya, nikuulize. Wahehe tuliingia Maji Maji?

*Tumaini:* Si tuliingia?

*Baba Mkubwa:* Hatukuingia. Sisi yetu tulishapigana. Lugalo 1891 tulimshinda Mjerumani, 1894 akaivunja ngome yetu ya Kalenga, 1898 chifu wetu Mkwawa akajipiga risasi. Miaka 7 tu baadaye, nguvu zitoke wapi? Wapo wenzetu waliokwenda hata upande wa Mjerumani, hilo huwa hatulisemi. Walioingia ni Wangoni, Wabena...

*Wifi Njombe:* Asante baba kwa kutukumbuka 😄 Wazee wetu waliivamia misheni ya Yakobi 1905

*Festo:* Mke wangu, nyie mliamini risasi zitageuka maji. Sisi tulibaki na ulanzi wetu

*Wifi Njombe:* Na mnara mkawekewa nyie. Ama kweli 🙄

*Baba Mkubwa:* Mkamwana kakushinda Festo. Ila njaa ndiyo iliyomaliza watu kuliko risasi. Mjerumani alichoma mashamba na maghala.

*Tumaini:* 😔 Nimemkumbuka Askari wa Dar, ile sanamu ya shaba. Nilipokuwa chuo kazi yake ilikuwa moja tu, "tukutane Askari".

*Baba Mkubwa:* Huyo kawekwa 1927, kwa ajili ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake hapohapo alisimama Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipoingia wakamng'oa.

*Festo:* Kumbe sanamu nazo zinapinduliwa

*Mama:* Tumaini, vitunguu?

*Tumaini:* Uwii. Narudi sokoni

*Baba Mkubwa:* Ukipita tena hapo, nipigie picha ya karibu. Hii uliyoweka naona kidole chako tu.