Wino, melani, mürekkep, siya: haya maneno ni ndugu au yanafanana tu?

mwanachuo_kalamu:
Wakuu habari zenu. Naomba kueleweshwa kitu, tangu juzi kinaninyima usingizi. Mimi nasoma Istanbul, hosteli nakaa na jamaa wawili, mmoja Mgeorgia, mwingine wa Azerbaijan. Sasa juzi ile kalamu yangu ya kujaza wino imekauka nikashuka dukani, Kituruki changu cha kuombea maji, nikawa nachora hewani na kuonyesha vidole, muuzaji akanipa kichupa akasema mürekkep. Narudi rumu namuonyesha Mwazeri anasema hata kwetu ni mürəkkəb, yule Mgeorgia akacheka akasema sisi ni melani. Kesho yake darasani nikamuuliza dada mmoja Mhindi, akasema syahi, Mkazakhi aliyekaa nyuma yake akadakia, kwetu siya!

Basi nikachukua daftari nikaanza kuchora mishale. Siya na syahi ni kitu kimoja, hapo sina shida. Ila nikakuta Kisanskriti kina melā, maana yake wino, nikasema hii si ndo melani ya Georgia? Halafu kina na maṣi, masizi na wino pia, na sisi tuna MASIZI. Nywele zilinisimama aisee. Kuna neno moja mama lililozaa yote haya au najidanganya? Na kwa nini kalamu, karatasi, kitabu tumechukua kwa Waarabu, lakini wino hatusemi hibri wala midadi?

Kamusi_Chakavu:
Mkuu daftari lako zuri ila futa mishale kadhaa.

Melani ni Kigiriki, melan, yaani nyeusi. Kwenye Agano Jipya la Kigiriki, Wakorintho wa Pili 3:3, pale Paulo anaposema barua isiyoandikwa kwa wino, neno ni hilohilo. Georgia wamekuwa Wakristo tangu karne ya 4 na vitabu vingi vya kanisa walivitafsiri kutoka Kigiriki, kwa hiyo neno lilikuja na vitabu. Raha yake ni kwamba nyeusi kwa Kigeorgia ni shavi, kwa hiyo huyo rumeti wako akisema melani hasikii weusi wowote mle ndani, kwake ni jina tu. Na shavi yenyewe nayo si ya kwao, ni ya upande wa Irani, ukoo mmoja na siyah ya Kiajemi ambayo ndo imezaa syahi ya huyo dada na siya ya Mkazakhi. Yaani weusi wameukopa Irani, wino wameukopa Ugiriki. Melā ya Kisanskriti wengi wanaiona kuwa ni Kigiriki hichohicho kilichofika India, mshale huo uache.

Maṣi na masizi hapana. Ma- ya masizi ni kiambishi tu, kama kwenye maji na mafuta, ukiivua unabaki na -sizi. Wazulu wako mbali huko kusini wana insizi, dawa ya kuchomwa ikawa unga mweusi. Ma ya maṣi ni mwili wa neno lenyewe, huwezi kuivua. Kufanana kwa sura tu hapo.

binti_wa_mtepe:
Kamusi umemaliza kwa Georgia ila mürekkep umeiruka na ndo tamu kuliko zote. Ni Kiarabu, murakkab, kitu kilichochanganywa, maana wino ni mchanganyiko kweli, masizi na gundi, au yale mapele ya mwaloni na chumvi ya chuma na gundi. Waturuki mpaka leo wakitaka kusema kitu kimeundwa na hiki na kile wanatumia mürekkep hiyohiyo. Mzizi wake ni r-k-b, kupanda, kupandisha kitu juu ya kitu. Sasa mzizi huohuo ndo umetupa sisi marikebu, chombo cha kupanda. Kwa hiyo mwanachuo ulienda kununua wino ukarudi na binamu wa meli 😂

Halafu kuna dawāt, kidau cha wino kwa Kiarabu. Hili limetembea vibaya mno. Kwa Kihindi na Kiurdu davāt imebaki kidau. Waturuki wakaifanya divit, kile kibweta cha kalamu chenye kidau ubavuni ambacho makarani walikuwa wanachomeka mshipini. Kwa Wamalei dakwat ndo wino wenyewe. Na sisi? Dawati! Wamalei wamekunywa kilichomo, sisi tumeondoka na meza.

pweza_wa_forodhani:
Mimi wa kando kidogo. Kivietnam mực ni wino na ni ngisi pia, neno moja. Thailand ngisi ni pla muek, samaki wa wino. Waturuki nao wana mürekkep balığı, samaki wa wino vilevile. Sie wavuvi ngisi ana jina lake kabisa, wino wake unaukuta mkononi ukishamkasirisha, shati la Ijumaa ndo basi tena.

Kamusi_Chakavu:
@pweza hiyo mực imetoka Uchina, mò, na ukiiangalia herufi yake 墨 juu kuna nyeusi chini kuna udongo. Wamongolia wana bekh, ya hukohuko. Watatari wao hawajajisumbua, wino kwao ni kara, nyeusi basi. Warusi chernila, kutoka nyeusi. Watibeti snag, na nag ni nyeusi. Kwa hiyo mwanachuo, mama mmoja hayupo, watu wengi wameangalia kitu kilekile wakaona rangi ileile.

mwanachuo_kalamu:
Nimefuta mshale wa masizi kwa machungu 😅 Ila swali la pili mmelikwepa wote. Mimi nawaza hivi, karatasi ilikuja na jahazi, unanunua, inakuja na jina lake. Wino unapika mwenyewe nyumbani, ndo maana jina limebaki letu.

binti_wa_mtepe:
Hapo sikubaliani. Wageorgia walishindwa kupika masizi wenyewe? Na bado wamesema melani. Jina linakuja na mwalimu, haliji na chupa. Kinachonishangaza mimi ni kwamba sisi mwalimu alikuwa Mwarabu na neno lake kila mtu alilisikia, midadi iko Suratul Kahf aya ya 109, bahari ingekuwa wino wa maneno ya Mola, nani hajaisoma chuoni? Na bado Mwana Kupona mwaka 1858 akimwita bintiye akae amhadithie anamwambia aje na wino na karatasi. Karatasi ya Kiarabu, wino wino.

mjukuu_wa_mwalimu:
Mimi sijui lugha za watu ila wino naujua. Babu alikuwa na chuo nyuma ya nyumba, sisi watoto kazi yetu kukwangua masizi chini ya chungu kwa kijiko cha mbao, unakwangua polepole usije ukatoa na udongo maana ukitoa udongo wino unakuwa na chenga na kalamu ya mwanzi inakwama. Anatia maji kidogo na gundi ya mti aliyoiloweka usiku, anakoroga mpaka unang'aa. Wino wa kombe ulikuwa mwingine kabisa, zafarani na maji ya mawaridi, anaandika kwenye sahani nyeupe, anasuuza, mgonjwa anakunywa yale maji.

mwanachuo_kalamu:
Subiri subiri. Waturuki mtu aliyesoma wanamwita mürekkep yalamış, aliyelamba wino!! Leo usiku namweleza Mgeorgia kuhusu kombe, na naanza na sahani.

mjukuu_wa_mwalimu:
Mwambie na ladha yake basi, ni tamu kwa mbali halafu ulimi unabaki wa manjano.