Kwa nini bomba kuu la gesi linachanika kwa urefu?

Swali
Wakuu, naomba kueleweshwa. Bomba la maji likitoboka linavuja, mtu anachimba na kuziba. Kwa nini la gesi linachanika mita nyingi, tena siku ambayo hakuna aliyeligusa?

Mchomeleaji
Mkuu, presha huvuta ukuta wa bomba kwa mzunguko mara mbili ya inavyouvuta kwa urefu, ndiyo maana ufa hufuata urefu. Hesabu yake: presha mara kipenyo, gawanya kwa unene mara mbili. Kipenyo mita 1, unene milimita 14, gesi ya bar 70 (yaani megapaskali 7, kipimo cha presha): chuma kinabeba megapaskali 250. Kutu ikila nusu ya unene kwa sehemu ndefu, hapo panabeba kama 500, na vyuma vingi vya mabomba haviwezi.

Sasa tofauti na maji. Maji hayabanwi kirahisi. Ufa ukifunguka, presha inaanguka papo hapo. Gesi imebanwa, inaendelea kusukuma. Wimbi la kushuka kwa presha hupita kwenye gesi kwa takriban mita 400 kwa sekunde, kwenye maji zaidi ya 1,000. Ufa ukilizidi mbio wimbi hilo, ncha yake inakuta presha ileile kila inapofika. Hausimami mpaka ukutane na chuma kinachostahimili mpasuko.

Kuhusu kutoguswa: liliguswa zamani. Jino la eskaveta likikwaruza na kubonyeza, chuma cha juu hukakamaa na kuota nyufa ndogo. Ghislenghien, Ubelgiji, tarehe 30 Julai 2004, watu 24 walikufa; bomba lilikuwa limeumizwa na mashine ya ujenzi kabla, likapasuka presha ilipopandishwa. Inaniuma sana, kwa sababu mkwaruzo ukiripotiwa unarekebishika. Ukifukiwa kimya, nani ataujua?

Mdau wa tatu
Ongeza mshono mbovu wa kuchomelea. San Bruno, California, 2010: bomba la mwaka 1956, watu 8 wakafa, na kuifunga gesi kulichukua dakika 95.

Muuliza swali
Si kuna vifaa vya kukagua kwa ndani?

Mchomeleaji
Vipo, husoma upungufu wa unene kwa sumaku. Kwa kutu ni vizuri sana. Ila usumaku ukielekezwa kwa urefu wa bomba, ufa mwembamba unaofuata urefu huohuo unaweza kupitwa. Huo unatafutwa kwa mawimbi ya sauti, au bomba linajazwa maji na kupandishwa presha kuliko ya kazi.