Iliki chini ya miti: majani tele, maua hakuna

Mpandailiki
Wakuu, nina mashina 40 ya iliki huku Usambara Mashariki, chini ya mifenesi na migrivea. Nilipanda vipande vya matunguu (ile sehemu nene ya mmea iliyo ardhini, inayochipua mabua), huu ni mwaka wa 4. Mabua yamenipita kimo, lakini kila shina lina vikonyo viwili vitatu tu vya maua. Napalilia kwa jembe na samadi ya kuku natia kila msimu. Nimekosea wapi?

Bibi Shamba
Kivuli kimezidi. Iliki inapenda kivuli, haipendi giza. Siku ya jua, saa sita mchana, tazama chini: madoa ya jua na kivuli yawe karibu nusu kwa nusu. Mgrivea uache, majani yake mepesi. Mfenesi ndio unaoziba, tena mwaka mzima. Punguza matawi ya chini na ya ndani mvua za masika zikikaribia, theluthi moja kwanza. Ukikata yote kwa mkupuo, jua litababua majani.

Tunguu
Nakubaliana na Bibi, ila mimi nalilaumu zaidi jembe. Kikonyo cha iliki hakitoki juu kwenye majani. Kinachomoza kitakoni mwa bua, kwenye tunguu, kisha kinatambaa ardhini, chembamba kama uzi mnene. Jembe linakifyeka hata hujakiona. Nusu mita kuzunguka shina, ng'oa magugu kwa mkono. Matandazo ya majani makavu ni mazuri, lakini maua yakianza yasogeze pembeni nyuki wayafikie, la sivyo yatapukutika bila kufunga tunda. Na samadi ya kuku ipumzishe, inasukuma majani. Mboji inatosha.

Mpandailiki
Asanteni sana. Nafasi ni mita 1 kwa 1, nayo ina shida?

Bibi Shamba
Kubwa! Iwe angalau mita 2 kwa 2. Mvua zikishika, ng'oa mashina ya katikati, yagawe vipande, uvipande kwingine. Shimo upana sm 60, kina sm 30, lijaze udongo wa juu na mboji. Kila kipande kiwe na bua moja lililokomaa na chipukizi moja. Tunguu lifunikwe kidogo tu, ukilizika ndani litaoza. Funga bua kwenye kijiti, upepo usilitikise kabla mizizi haijashika. Katika mashina yanayobaki, mabua makavu yaliyokwisha kuzaa yakate chini kabisa.