Mjadala: Je, reli ya Lamu itawafaa wenye maduka au itawapita?

Mwalimu mstaafu, Lamu:
Mradi wa LAPSSET, yaani wa bandari, barabara na reli za kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa hapa Machi 2012, na gati la kwanza la bandari likafunguliwa Mei 2021, lakini reli iliyoahidiwa bado hatuioni. Ikija, wafanyabiashara wadogo watapata nini? Nilifundisha Taveta, mpakani na Tanzania. Reli ya tawi kutoka Voi ilianzwa mwaka 1915 kwa ajili ya askari wa vita, na baadaye ikawa inabeba marobota ya katani. Karibu na stesheni palikuwa na maduka, mikahawa, mahamali na akina mama wauza ndizi. Treni zilipokoma, mashamba makubwa ya mkonge yalitafuta malori. Waliofunga milango ni hao wadogo.

Mwenye boti, Mokowe:
Kwa heshima, Mwalimu, Taveta haikufa. Soko lake la Jumatano na Jumamosi lingali linajaa, kwa kuwa lori humfuata mkulima shambani, ilhali treni humtaka aende stesheni. Nasi Lamu tutajaza behewa kwa kitu gani? Watu wetu wamezoea kungoja fidia.

Mvuvi, Matondoni:
Bwana wa Mokowe, neno hilo limenichoma. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ujenzi wa bandari uliharibu mahali tunapovua. Anayedai alichoharibiwa haombi sadaka. Nawe unauliza tuna nini, wakati boriti za mikoko yetu zilijenga nyumba za Uarabuni hadi zilipopigwa marufuku kuuzwa nje mwaka 1982?

Mwenye boti, Mokowe:
Neno la fidia nimelikosea, uniwie radhi. Lakini boriti hizo zilisafiri kwa jahazi, hazikupanda treni hata siku moja.

Mvuvi, Matondoni:
Jahazi lilipokea boriti za kila mtu, chache kwa nyingi. Hilo ndilo ninalolitaka kwa reli.

Mwenye duka, Langoni:
Ami zangu, hapo ndipo swali la Mwalimu lilipo. Kwenye michoro ya mradi tunaonyeshwa makontena, wala sijawahi kuonyeshwa ghala la mizigo midogo. Nikifika stesheni na magunia mawili ya nazi, kutakuwa na karani wa kuyapokea, au nitaambiwa nirudi nikiwa nimejaza behewa zima?