Penseli, peni au mkaa kwa daftari la kuchorea sura?

Kijana wa Ukili: Wakuu, nina daftari la A5, karatasi gramu 100. Nataka kulijaza sura za watu na mazoezi ya unamu: mkeka, gome la mbuyu, kanga iliyokunjwa. Nianze na kipi?

Fundi Kivuli: Penseli, tena si HB, ile ya ugumu wa kati, peke yake. HB ukiikandamiza upate giza, itakwaruza karatasi tu. Risasi ya penseli ni grafiti na udongo, mchanganyiko wa Mfaransa Conté tangu 1795: udongo ukizidi inakuwa ngumu na hafifu, ukipungua inakuwa laini na nyeusi. Namba ya B ikipanda, penseli ni laini na nyeusi zaidi: weka macho na pua kwa 2B. 6B ingoje mwisho.

Makaa: Umeusahau mng'ao, mkuu. Mchore mtu mweusi kwa 6B uone: tabaka zikirundikana, grafiti inang'aa kama sufuria na ukiipiga picha inatoka kijivu. Weusi wa mkaa haung'ai. Halafu ngozi nyeusi haitaki giza kila mahali, inataka utafute mwanga ulipo: paji la uso, mgongo wa pua, mdomo wa chini. Paka mkaa, kisha toa mwanga kwa kifutio.

Dada Peni: Mkaa kwenye A5? Kesho ukurasa wa pili una sura hiyohiyo! Labda upulizie dawa ya kushikiza na kuweka karatasi laini katikati. Chukua peni ya dukani. Haifutiki, kwa hiyo utatazama kwanza ndipo mkono utembee. Nywele za kipilipili usizichore mmoja mmoja. Piga viduara vinavyopandana, vibanane penye kivuli, vilegee penye mwanga. Mkeka, fuata ukili unavyopita juu na chini. Ila ncha hukusanya wino: ipanguse kila mara, la sivyo doa linabaki shavuni.

Fundi Kivuli: Nywele nakubali. Makunyanzi je? Kunyanzi lina ukingo mmoja mkali, mwingine unafifia. Wengi wakishika peni wanachora mstari tu, na bibi wa watu anaongezewa miaka ishirini.

Kijana wa Ukili: Basi sura penseli, nywele peni. Naweza kupitisha peni juu ya penseli?

Dada Peni: Juu ya 2B nyepesi, sawa. Juu ya 6B peni inateleza na wino unakatika. Nywele zitangulie, mdogo wangu.